Majivu Si Jina Lako, Mjomba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naiandika bila kujua kama upo mahali pa kuiitikia, lakini siwezi kusema na wewe kabla ya kukuamkia, hilo ulinifundisha kwa kofi na bado nalikumbuka. Barua hii haina bahasha. Nimeiacha wazi makusudi, kwa sababu wewe hujui kusoma na atakayekusomea ni mtu nisiyemjua, labda dereva, labda utingo, labda mwalimu wa huko uliko. Basi wewe uliyeishika karatasi hii, nakuomba usome kwa sauti, polepole, usiruke mahali. Humu mna aibu, na aibu yote ni yangu. Isome hivyo hivyo.

Mjomba, Sefu amerudi.

Nimetanguliza hilo kwa sababu najua hupendi mtu azungukezunguke. Mwanao amerudi, mzima wa afya, ndevu zimemtoka, ana koti la kazi la reli na viatu vya ngozi. Likizo yake imebaki wiki mbili. Zikiisha ataondoka, na amesema kwa kinywa chake kwamba asipokuona safari hii hatarudi tena upande huu wa nchi. Nimeishiwa ujanja. Sijui uko Iringa, sijui uko Mbeya, sijui hata kama unapumua. Nina kalamu tu, na kalamu ndiyo iliyokuponza.

Wacha nikukumbushe tulikotoka, ili huyo anayekusomea naye asipotee.

Mama alipofariki ulikuja kunichukua siku ya tatu, hukuuliza mtu, kwa sababu kwetu mpwa ni wa mjomba wake na neno halina mjadala. Ukanipeleka nyumbani kwako kule bondeni, nyuma ya Mvumi, ambako mkeo alikuwa ameshatangulia mbele ya haki na mmebaki wewe na Sefu. Sefu alikuwa na miaka sita, mimi tisa. Ulitulea kwa sauti kubwa na mkono mwepesi, na chakula hakikukosekana. Alasiri tulipukuchua mahindi barazani na wewe ukatusimulia hadithi. Nakumbuka ulikuwa na desturi moja iliyonikera. Hukuanza hadithi mpaka umetuambia mtu wa hadithi ana njaa ya nini. Nikisema, "Mjomba, tuambie tu alikwenda wapi," unanikatiza, "Atakwendaje kabla hujajua anataka nini? Basi huyo si mtu, huyo ni gogo linalobebwa na maji." Sefu alikuwa akicheka. Mimi nilinuna, nikaendelea kupukuchua.

Ningeyashika maneno yale, Mjomba, leo nisingekuwa naandika barua hii.

Halafu ikaja ile asubuhi ya Sefu. Alikuwa amekwishajiandikisha kazi ya reli mpya bila kukuambia, akaja kukuaga akiwa na kifurushi mkononi. Wewe ulitaka ashike jembe. Mlibishana mpaka mkaishiwa maneno. Mimi nilikuwa nimesimama na ungo, napepeta mtama, nikakuona unanyanyua mtungi wa maji. Nilidhani una kiu. Ukaumwaga wote mafigani, moshi ukajaa jikoni, ukamwambia, "Umeona? Kwangu huna moto tena. Hata ukirudi utakuta majivu ya baridi." Sefu alikuangalia, akaniangalia mimi, akaondoka. Hakuna aliyemwita.

Ulikaa pale pale kwenye jiwe lako mpaka jua likawa la mchana. Kisha ukaniambia, bila kuniangalia usoni, niende kwa jirani nikaombe kaa la moto. Nilipolileta ulilipuliza mwenyewe mpaka likashika. Tangu siku ile moto wa nyumba ile haukuzimika hata mara moja, na mimi peke yangu ndiye niliyejua sababu.

Mwaka uliofuata tukahamia kijiji kipya huku barabarani, sisi na bonde zima. Hukuleta ubishi. Ulijenga, ukapanda mihogo, zamu yako ya shamba la pamoja ukaitimiza. Ila kengele ikilia ya kumaliza kazi, wenzako wanakwenda kuoga, wewe unashika njia ya mahame, mguu wako wa kushoto ukiuburuta, kwenda kuuchochea moto wa nyumba isiyo na watu. Siku nyingine ulitoroka kabla ya kengele, tusidanganyane. Ulirudi na majivu mpaka magotini. Nilikuuliza utafanya hivyo mpaka lini. Ukanijibu, "Neno lile nililitoa kwa mdomo, na kwa mdomo halirudi. Nitalirudisha kwa kuni." Ukanikataza nisimwambie mtu, kwa maana uliona haya, mzazi mzima umemzimia mwanao moto. Nilikubali. Siri hiyo niliitunza vizuri sana, na nitakueleza jinsi nilivyoitunza.

Wakati ule mimi nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Nilijua kutunga ngonjera, watu walinisifu. Basi mwenyekiti wa kijiji akanijia akaniambia kuna mgeni mkubwa anakuja kuona kijiji, tunataka mchezo wa kuwaonya wanaokwepa shamba la pamoja. Akanipa daftari jipya la kurasa mia. Nikaandika mchezo kwa siku nne. Mvivu wangu aliingia jukwaani akasema, "Mimi ni mvivu, sipendi kazi, napenda kula jasho la wenzangu." Nikaona nimeandika jambo la maana.

Niliyempa nafasi ya mvivu alikuwa mtani wako Masanja, yule Mnyamwezi aliyekuja zamani kukata mkonge akabaki. Nyinyi wawili mlikuwa hamkutani bila kutukanana. Alikuwa akikunyang'anya kofia mbele za watu, wewe unamwambia babu yake alikuja kwetu amebeba mizigo ya wenyewe. Msiba wa mama yangu alilala kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kuku, na watu waliokuwa wakilia wakacheka. Basi Masanja aliyajaribu maneno yangu mara moja, akaliweka daftari chini.

"Mwalimu, hakuna mtu anayesema hivi," akaniambia. "Mvivu ana maneno mazuri kuliko sisi wote. Huyu wako ni ubao. Nitafutie mtu anayepumua."

Roho iliniuma, kwa sababu alisema kweli. Nilikwenda nyumbani nimenuna, nikakaa mlangoni, na wewe ndiye uliyepita mbele yangu. Ulikuwa unatoka mahame. Ukakohoa mara mbili, kama ulivyokohoa kila ulipotaka kusema, ukakung'uta mkono kabla ya kunipa, ukaliambia jembe lako, "Haya, pumzika na wewe, bwana mkubwa." Miguu yako ilikuwa myeupe kwa majivu. Nikaingia ndani nikaanza kuandika, na safari hii kalamu ilikimbia yenyewe.

Nilichukua kikohozi chako. Nilichukua mguu unaouburuta, mkono unaoukung'uta, na ile tabia yako ya kuzungumza na jembe. Nikachukua na majivu. Mtu wangu nikamwita Bwana Majivu, mtoro wa shamba la pamoja, anayekwenda kujificha mahame akawasha moto wake akaota na kuchoma mahindi peke yake huku wenzake wanalima. Masanja aliposoma alicheka mpaka akashika ukuta. "Sasa huyu namjua," akasema. Nilifurahi mno. Nilijiambia siri yako nimeitunza, mbona sikumtaja Sefu, sikutaja mtungi, sikutaja neno lolote la jikoni kwako. Nilijidanganya, Mjomba. Sababu yako ningeiweka, watu wasingecheka, na mimi nilitaka wacheke.

Siku ya mgeni ulikaa mstari wa pili. Masanja alipoingia akikohoa mara mbili na kuburuta mguu, uwanja mzima ulivunjika mbavu kabla hajasema neno. Alikuwa amejipaka majivu mpaka mapajani. Watoto walikuonyesha kwa vidole. Nilikuchungulia kutoka nyuma ya pazia la kanga, nikakuona nawe unacheka, maana mtani wako ndiye anayekuchezea, na mtu anayekasirikia utani kwetu ni mtu wa kuchekwa mara mbili.

Mchezo ulipokwisha mgeni akasimama. Alikuwa mtu wa mbali, hakujua nani kwetu ni mtani wa nani. Akauliza, akitabasamu, kama huyu Majivu yupo kweli kijijini. Na Masanja, palepale, na majivu yake, akapiga kelele kwamba yupo, yule pale mstari wa pili, mkamateni, mfungeni, anatunyonya jasho! Watu wakafa kwa kicheko. Ukasimama. Ukakohoa mara mbili. Ukapandisha suruali mpaka magotini, ukasema, "Ndiyo mimi, ndugu mgeni. Majivu ndiyo haya."

Hata mgeni alicheka. Lakini nilimwona kijana aliyefuatana naye anaandika.

Kwa nini hakuna aliyemwambia? Mwenyekiti alikuwepo, wazee walikuwepo, mimi nilikuwepo nimeshika daftari. Neno moja tu lilitosha, kwamba ndugu mgeni, hawa ni watani, usiyachukue haya. Hakuna aliyelisema kwa sababu hakuna aliyewaza kwamba linahitaji kusemwa. Kwetu hata mtoto wa miaka mitano anajua mtani anasema nini na anamaanisha nini. Tulisahau kwamba kuna watu wanaokuja kutuona na kuondoka.

Siku ya tatu wakaja waliotumwa. Amri ilikuwa nyumba za mahame zibomolewe ili watu wasiwe na pa kutorokea, na ya kwanza iwe ya Majivu. Waliiandika hivyo hivyo kwenye karatasi, Majivu, kama ndilo jina ulilopewa na baba yako. Nilikimbia nyuma yao bondeni. Nilikukuta umesimama penye ule mpapai wako wa uani, mikono nyuma. Waliangusha paa. Waliangusha ukuta. Walipoona mafigani moto bado unawaka, mmoja wao, wala si mtu mbaya, aliogopa nyasi zisije zikashika moto, akachukua mtungi wako akamwaga maji.

Nilisikia ule mlio. Nadhani wewe uliusikia zaidi.

Asubuhi yake nilikuja kukuomba radhi nikakukuta unafunga shuka lako kwa kamba. Nilipiga magoti, nililia, nilisema yote niliyoweza kusema. Ulinisubiri nimalize, ukanishika kichwa.

"Ulinipatia, mwanangu," ukasema. "Kukohoa kote, kutembea kote, hata jembe langu. Ila mtu wako hakuwa na mtoto."

Ukaondoka. Waliokuona walisema umepanda lori la pamba linalokwenda Mikumi. Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu, na huu ni mwaka wa tatu ninayabeba.

Nilimwendea Masanja tugawane lawama. Nilimkuta amekaa chini nje ya mlango wake, mtu mzima analia waziwazi. Aliniambia, "Mimi nilimtania. Nikimaliza, utani unakwisha, kesho yeye ananirudishia. Wewe ulimwandika." Tangu siku hiyo hajaigiza tena, na mimi hanisalimii isipokuwa kwa ajili ya watu.

Na kweli niliandika, Mjomba, kwa sababu mchezo haukufa. Uliitwa ukaoneshwe Lumuma, kisha Kilosa mjini, vijana wengine wakajifunza kikohozi chako kutoka kwa vijana wengine. Mimi nikapewa cheti. Watoto wa kijiji ambao hawakukuona wanajua kuburuta mguu wa kushoto. Mama akimwona mwanawe anazembea humwambia acha umajivu. Nilijaribu kuwaambia kwamba mtu yule hakuwa hivyo, wakaniangalia tu. Walimwona kwa macho yao jukwaani, na huyo wangu wa pili wanamsikia tu.

Mwaka uliofuata nilikuja Mikumi kukutafuta. Nilisimama barabarani pale yanaposimama malori ya Iringa, nikamuuliza kila mtu. Wakaniambia, haya, tueleze huyo mzee yukoje. Nikasema anakohoa mara mbili. Wakacheka, wazee wote wanakohoa. Nikasema anaburuta mguu. Wakanionyesha wawili waliokuwa wakipita. Mimi, niliyewafanya watu elfu wakutambue kabla hujafungua mdomo, nilishindwa kumfanya utingo mmoja akukumbuke. Nilirudi nyumbani.

Sasa Sefu.

Alikuja mwezi huu, kwa miguu, kutokea bondeni. Alikwenda kwanza nyumbani, unaona, hakujua tumehama. Alikuta magugu, mpapai, mafiga matatu, na majivu ya baridi kama ulivyomwahidi. Akafuata njia mpaka kijijini, akawauliza vijana waliokuwa kisimani habari zako, akakutaja kwa jina lako. Hawakulijua. Alipowaeleza ni mzee wa kule bondeni mwenye mguu mbovu, wakasema kwa pamoja, "Aah, Majivu!" na mmoja akasimama akamwigizia, kikohozi, mguu, jembe, yote. Sefu aliniambia mwenyewe kwamba alicheka. Alicheka kwa sababu ulikuwa wewe mtupu. Hapo ndipo akaambiwa mambo mengine, ya utoro na moto wa kuotea peke yako, na akayaamini kwa sababu kikohozi kilikuwa cha kweli.

Alipofika kwangu alikaa, akanywa uji, akaniuliza jambo moja tu.

"Dada, baba aliuwasha tena ule moto kwa ajili yangu, au alikuwa akijiotea tu?"

Nilimweleza. Nilimweleza kaa la jirani, ulivyolipuliza mwenyewe, kuni za kila siku, neno lako la mdomo na kuni, mtungi wa pili. Nilieleza kama sijawahi kueleza kitu maishani mwangu. Alinisikiliza kwa adabu. Halafu akasema, "Dada, wewe ni mtunzi. Yule Majivu namwamini, kila mtu amemwona. Huyu wa pili umemtunga leo ili nisiumie."

Loo, Mjomba. Nilitamani ardhi inimeze. Nilikwenda kumwita Masanja aje ashuhudie, akaja, akasema kweli hukuwa mtoro, lakini habari ya moto hakuijua, ilikuwa siri yetu wawili. Siri niliyoitunza vizuri sana! Sina shahidi hata mmoja. Niliapa kwa kaburi la mama. Sefu akanishika mkono akaniambia basi, dada, yamekwisha, kesho naondoka.

Nikamwambia nitamsindikiza mpaka Mikumi. Nilikuwa nimekata tamaa kabisa, nilitaka tu kukaa naye saa chache zaidi.

Tuliteremka mchana, tukaingia kwenye kibanda cha mama mmoja anayewapikia madereva, Mama Tausi, tukaagiza wali na maharage. Lori la kumchukua Sefu lilikuwa bado linapakia. Nilimuuliza Mama Tausi kwa mazoea tu, kama mtu anayejikuna, kama amewahi kumwona mzee fulani. Nikaanza, anakohoa mara mbili, anaburuta mguu, akatikisa kichwa huku anapakua. Kisha yeye, bila kugeuka, akaniuliza, "Huyo mzee wako alikuwa anatafuta nini?"

Mjomba, miaka yote ile barazani, na swali lako linanirudia kwa mama wa wali.

Nikasema, "Alimzimia mwanawe moto kwa hasira. Akawa anatafuta namna ya kuuwasha."

Mama Tausi aliweka upawa chini. Akageuka, akaniangalia, akamwangalia Sefu kwa muda mrefu zaidi. Akasema, "Huyo alikaa hapa kwangu miezi saba."

Akatueleza bila kuulizwa. Kwamba ulikuja na shuka umelifunga kwa kamba, ukaomba kazi ya kuni. Kwamba ulipanga mafiga yake upya kwa sababu hukupenda yalivyokaa, ukaweka na jiwe lako la kukalia, na moto wa kibanda chake haukuzimika hata siku moja, hata siku asizopika, akawa anagombana na wewe juu ya kuni. Kwamba kila lori la kazi ya reli lilipopita ulitoka na majivu yako miguuni, ukawauliza wanamjua Sefu, kijana mwenye alama ya kuungua kwenye kidole gumba. Kwamba walikucheka, wakakuita mzee wa jikoni, na wewe ukacheka nao. Kwamba siku moja dereva mmoja akakuambia amewahi kumwona kijana wa jina hilo kambi ya mbele, njia ya Iringa, ukapanda hapo hapo. Na ulimwacha na maagizo: moto huu usizimike, mwanangu akija njia hii akute unawaka.

"Mimi ni mwanamke wa biashara," akasema Mama Tausi, "lakini nimeshindwa kuuzima. Naona kama atanikoholea."

Sefu alikuwa ameficha kidole gumba ndani ya kiganja. Malori ya reli yalimpitisha pale mara mbili, alikuja kuniambia baadaye, na hayakusimama. Aliinuka, nikadhani anakwenda kwenye lori lake. Alizunguka nyuma ya kibanda, nikamfuata. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya mafiga, anasogeza kuni ndani, moja, halafu nyingine, kama ulivyotufundisha, ncha kwa ncha. Lori lilipiga honi. Lilipiga mara tatu, likaondoka.

Tangu siku hiyo tuko hapa. Analala kwenye kijumba cha kuni na hatoki mafigani. Hajaniambia ananiamini na sijamuuliza. Jana alisema kitu kimoja tu, "Nitamngoja mpaka siku zangu ziishe." Ameshanionyesha karatasi ya likizo. Wiki mbili, Mjomba, na barabara ile ni ndefu, na wewe huna anwani.

Basi nimeandika barua hii mara ishirini na tano, kwa mkono, mpaka vidole vimevimba. Naigawa kwa kila dereva anayesimama, wa kwenda na wa kurudi. Wengine wanaichukua kwa kunionea huruma, wengine wanafungia karanga, najua. Lakini sina kingine. Ule mchezo nimeuchoma kwenye moto huu huu, daftari lote la kurasa mia, na haikusaidia kitu, vijana wanaujua kwa moyo.

Na wewe msomaji, uliyefika hapa na karatasi hii, usimtafute kwa kikohozi. Usimtafute kwa mguu, wala usiulize wapi yuko Majivu. Ukimkuta mzee anayelinda moto wa wenyewe zaidi ya wenyewe, kaa karibu naye, umuulize ana mtoto? Akinyamaza kabla ya kujibu, ni yeye. Msomee yote, na hii iliyobaki umsomee mara mbili.

Mjomba, mtu wangu sasa ana mtoto. Amekaa kwenye jiwe lako hapa Mikumi, majivu yamemfika magotini, na ninavyoandika neno hili anachochea. Moto unawaka. Rudi.

Ni mimi mpwa wako, uliyemtuma kaa la moto.